Umri, Mwili na Jina: Hoja ya Oyěwùmí Ikipimwa kwa Lugha za Butembo na Beni

Kitabu cha Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, The Invention of Women, kilichochapishwa mwaka 1997, kingali kinatajwa kila panapojadiliwa jinsia barani Afrika. Hoja yake kuu ni kwamba, kabla ya ukoloni, jamii ya Wayoruba haikupangwa kwa msingi wa uke na uume, bali kwa msingi wa ukubwa wa umri. Tofauti ya maumbile ilijulikana, lakini peke yake haikumpa mtu cheo wala kumnyima. Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa ushahidi wa Kinande na Kiswahili, lugha zitumikazo Butembo na Beni.

Kwanza istilahi. Hapa jinsi ni maumbile: kromosomu, homoni na viungo vya uzazi. Jinsia ni maana, kazi na haki ambazo jamii huyapachika maumbile hayo. Elimu ya viumbe imekwenda mbali katika lile la kwanza; mwaka 1990 ilitambuliwa jeni iitwayo SRY, ambayo huanzisha ukuaji wa korodani katika kijusi. Lakini hakuna jeni iamuayo nani atie sahihi mkataba wa duka.

Oyěwùmí hujenga sehemu kubwa ya hoja yake juu ya lugha. Viwakilishi vya Kiyoruba havitenganishi mwanamume na mwanamke, na istilahi za ndugu hutaja mkubwa na mdogo pasipo kutaja jinsi. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Yeye ya Kiswahili ni ya wote. Omukali na omulume wa Kinande wamo katika ngeli moja. Na asemaye "mdogo wangu" ametaja umri tu. Kama ushahidi huo ungetosha, ingetupasa kukiri kwamba Wanande nao hawakuwa na jinsia.

Hautoshi, na majina yanaonyesha sababu. Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu. Masika ni binti wa kwanza, Kavira ni wa pili. Umri unahesabiwa, tena kwa makini, ila unahesabiwa kwa ngazi mbili zilizosimama sambamba. Lau ukubwa peke yake ndio ungekuwa msingi, ngazi moja ingetosha. Kwa hiyo umri na jinsi havikushindana. Vilifumwa pamoja katika neno la kwanza aitwalo mtoto.

Majina hayohayo yanawajibu pia wale wasemao kwamba yote ni maumbile. Mtoto azaliwaye baada ya mfululizo wa watoto wa jinsi nyingine huitwa Muhindo akiwa wa kiume, Kahindo akiwa wa kike. Asili ya jina ni kitenzi chenye maana ya kugeuza. Mwili wa Muhindo hauna kiungo kinachoutofautisha na wa Kambale. Kilichotofautiana ni matarajio ya nyumba iliyompokea. Maumbile yametoa habari, jamii imeipa maana.

Udhaifu wa pili umo katika maelezo ya ndoa. Oyěwùmí anaonyesha kwamba neno ọkọ, lifasiriwalo kuwa "mume", huwahusu watu wote wa ukoo, wanawake wakiwemo, mbele ya mke aliyeolewa humo. Uchunguzi huo ni mzuri. Wifi zetu wangeukubali mara moja. Hata hivyo anayehama kwao na kuingia ukoo mgeni ni mwenye mwili wa kike. Kiswahili kimeliweka jambo hilo katika sarufi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kiwakilishi hakina jinsi, lakini kauli ya kitenzi inayo.

Mjadala huu si wa vitabuni tu. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria. Katika mji wa biashara kama Butembo, hilo liligusa mkopo, duka na kiwanja. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa idhini hiyo. Wapo walioitetea kwa jina la mila ya Kiafrika, ilhali yafanana mno na mamlaka ya mume yaliyokuwamo katika sheria ya Ubelgiji hadi mwaka 1958. Hapa Oyěwùmí ana haki kamili: mengi tuyaitayo mila yaliletwa na kitabu cha sheria cha mkoloni.

Lakini asiyeona zaidi ya hapo atadhani kwamba, mkoloni akishaondolewa, hakuna lililobaki la kurekebishwa. Majina yanatukumbusha kwamba baadhi ya ngazi tulizijenga wenyewe. Kitabu hiki kisomwe, kwa kuwa kinatufundisha kutoazima maswali ya wengine pasipo kuyapima. Na majibu yake yapimwe vivyo hivyo, lugha kwa lugha.