Jina la Mtindo kama Tangazo: "Kamanyola" kutoka Kivu hadi Dar es Salaam

Uhakiki wa muziki wa dansi aghalabu hushughulikia matini ya nyimbo na kuyaweka kando maneno yaliyowavuta watu kuingia ukumbini. Maneno hayo nayo ni sanaa ya lugha. Mwaka 1956, mjini Kinshasa (wakati huo Léopoldville), bendi ya OK Jazz ilipata jina lake kutokana na OK Bar ilimokuwa ikipiga. Jina moja likawatangaza wanamuziki na baa kwa pamoja. Nchini Tanzania kazi hiyo ilibebwa zaidi na jina la mtindo wa bendi.

Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilichagua "Sikinde", jina la ngoma ya Wazaramo, na kuongeza maneno "ngoma ya ukae", yaani ya nyumbani. Hapa jina limebaki na maana yake ya asili: magita ya umeme yanadai uenyeji kwa kujificha nyuma ya ngoma ya jadi.

Orchestra Maquis du Zaire, iliyotoka Zaire na kuweka makao Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilifuata njia tofauti kwa "Kamanyola bila jasho". Kamanyola ni mji wa Kivu Kusini, katika bonde la Ruzizi, unaokumbukwa kwa mapigano ya mwaka 1964 dhidi ya waasi wa Simba. Utawala wa Mobutu ulilifanya jina hilo kuwa nembo ya ushindi: divisheni ya jeshi ikaitwa hivyo, na hata uwanja wa michezo uliofunguliwa Kinshasa mwaka 1994 ukaitwa Kamanyola hadi mwaka 1997, ulipopewa jina la Mashahidi.

Kifani, tangazo la Maquis limefaulu. Jina refu lenye mwangwi wa ugeni linafuatwa na maneno mawili mepesi ya kila siku. Aidha, lina kinaya: mchezaji anaahidiwa kukosa jasho mahali ambapo jasho ndilo ushahidi wa kucheza vizuri.

Kimaudhui, tathmini ni ngumu zaidi. Yawezekana kusema kwamba tangazo limeufuta uwanja wa vita. Lakini dola ilikuwa imekwisha kuutangaza kwa manufaa yake. Bendi ililiteka jina hilo na kulitumia kwa starehe, bila kumdai mtu utii. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa Kibabi, huko Masisi, ambako vita havikuishia katika kumbukumbu za 1964, Kamanyola ni mji wa Kivu kabla ya kuwa dansi, na "bila jasho" haiwezi kuchekesha kama inavyochekesha Dar es Salaam.

Basi tangazo lihakikiwe kama matini nyingine yoyote: pamoja na kuuliza limewavuta wangapi, mhakiki aulize pia neno lilitolewa kwa nani, na mwenyewe akilisikia hubakiwa na nini.