Boma na Kijiji Chake: Uhakiki wa Filamu ya "Against the Odds"

"Against the Odds" ni filamu ya hali halisi iliyotolewa mwaka 2019 kuhusu OG, timu ya Ulaya ya mchezo wa kompyuta uitwao Dota 2. Mtazamaji aliyelelewa kwa tenzi ataitambua mara moja, ijapokuwa hajapata kuugusa mchezo wenyewe. Yumo sahibu anayeondoka, yumo aliyeachwa mkono mtupu, limo jeshi linalokusanywa njiani, na umo ushindi ambao hapana aliyeutaraji. Mambo hayo ndiyo yanayoipa filamu nguvu. Hayo hayo pia ndiyo yanayoifanya ipungukiwe, maana imesimulia mashujaa hata ikasahau kusimulia timu.

Kwa asiyeujua, Dota 2 ni mapambano ya pande mbili za watu watano watano. Kila upande una ngome yake, na upande uliobomolewa ngome ndio ulioshindwa. Kila mchezaji huchagua shujaa mmoja na kupewa kazi yake: huyu hushambulia, yule hulinda, mwengine huacha faida yake ili mwenzake apate nguvu. Hauchezwi na mtu mmoja hodari. Huchezwa na watu waliozoeana hata mmoja akajua mwenzake atakwenda wapi kabla hajakwenda.

OG iliundwa mwaka 2015. Nguzo zake mbili zilikuwa Johan Sundstein wa Denmark, anayejulikana kwa jina la N0tail, na Tal Aizik wa Israel, aitwaye Fly. Wawili hao walikuwa wamecheza pamoja kwa miaka, tangu zama za mchezo wa Heroes of Newerth walipokuwa Fnatic, timu iliyoasisiwa London mwaka 2004. OG ilianza kwa neema. Novemba 2015 ilitwaa ubingwa wa Frankfurt, mwaka 2016 ikatwaa wa Manila na wa Boston, na mwaka 2017 wa Kiev. Lililobaki ni The International, shindano kuu la kila mwaka. Kisha mwezi Mei 2018, miezi mitatu tu kabla ya shindano hilo, Fly na Msweden Gustav Magnusson, aitwaye s4, walihamia Evil Geniuses ya Marekani.

Walibaki N0tail na Mfini Jesse Vainikka, aitwaye JerAx. Mfaransa Sébastien Debs, yaani Ceb, aliyekuwa kocha, akavaa jezi akaingia kucheza. Mwaustralia Anathan Pham, yaani ana, akarejea kutoka mapumzikoni. Wa tano alikuwa kijana wa Kifini, Topias Taavitsainen, aitwaye Topson, ambaye hakuwa na uzoefu wa majukwaa makubwa. OG ikaanzia katika mchujo wa wazi, mlango ambao timu yoyote iliruhusiwa kuupita. Agosti 2018, mjini Vancouver, iliishinda Evil Geniuses njiani, na katika fainali ikaishinda PSG.LGD ya China kwa michezo 3 kwa 2. Mwaka uliofuata, mjini Shanghai, iliishinda Team Liquid kwa michezo 3 kwa 1, ikawa timu ya kwanza kutwaa ubingwa huo mara mbili.

Kwa upande wa fani, filamu inastahili sifa. Msuko wake ni safi, na kilele chake kimewekwa mahali pake. Katika mchezo wa nne wa fainali ya Vancouver, OG ikiwa nyuma kwa michezo 2 kwa 1, Ceb alijitosa katikati ya maadui peke yake, akawavuta wote kwake, na vita vikageuka. Watangazaji walilipigia ukelele jina lake, na ukelele huo umebaki midomoni mwa mashabiki. Asiyejua hata kanuni moja ya mchezo huo ataelewa kilichotokea: kocha wa jana ameingia vitani na hakuona haya kufa kwanza.

Mhakiki hana budi kuuliza pia nani anayesimulia. Filamu hii ni kazi ya Red Bull, kampuni ya vinywaji iliyokuwa mfadhili wa OG. Ziko pia filamu za "True Sight" kuhusu fainali za 2018 na 2019, nazo zimetengenezwa na Valve, wenye mchezo na wenye shindano. Kwa hiyo visa viwili vikuu juu ya timu hii vimesimuliwa na mwenye jezi na mwenye uwanja. Hilo peke yake si dhambi. Watunzi wengi wa zamani walikula kwa masultani. Lakini msomaji wa tungo za sifa anajua kuzisoma: hutazama lililosifiwa, kisha hutazama lililopitiwa kimya.

Lililopitiwa hapa ni umma. Filamu inayataja mamilioni kama kipimo cha ushindi, lakini haiyafuati hadi chanzo chake. Mwaka 2018 fuko la zawadi lilipita dola milioni 25, na OG ikapata milioni 11.2. Mwaka 2019 fuko lilipita milioni 34, na OG ikapata milioni 15.6. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa wachezaji wa kawaida: kila aliponunua kijitabu cha kidijitali cha shindano, robo ya bei iliingia katika fuko. Mwaka 2023, baada ya Valve kubadili namna ya kuuza, fuko lilishuka hadi dola milioni 3 na kidogo. Mashujaa hawakuwa wamepungua ushujaa. Mkono wa umma ndio uliotolewa katika kapu.

Ili kuliona pengo hili vizuri, inafaa kutazama mahali ambako mashindano ya vikosi yana historia ndefu na masimulizi yake hayakuachiwa mfadhili. Kihagara ni kata ya Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, katika ardhi ambayo zamani ilikuwa ya Mbinga. Ziwa Nyasa liko mbele na milima ya Umatengo iko nyuma. Katika mwambao huo huchezwa mganda, ngoma ya wanaume wanaosimama kwa safu, wenye sare na vyeo. Wanawake nao wana kioda chao. Wasomaji wa visiwani hawatauona mganda kuwa mgeni. Asili yake inahusishwa na beni, ngoma iliyozuka katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikagawa watu kwa Marini na Arinoti, kisha ikasafiri bara na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vita vyenyewe viligusa mwambao huo mapema: Agosti 1914, huko Liuli, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Gwaride likaja na vita. Wenyeji wakalichukua, wakalifanya ngoma.

Kikosi cha ngoma za namna hii, mganda na malipenga, kando ya ziwa hilo huitwa boma. Boma lina jina, lina wakubwa wake, na lina wapinzani. Hualika boma la kijiji kingine, na wenyeji huwalisha wageni waliokuja kuwashinda. Siku nyengine mambo hugeuka, mgeni akawa mwenyeji. Anayesimulia ushindi wa boma hawezi kumwacha aliyepika, wala aliyetoa ng'ombe au samaki, wala wapinzani waliocheza vizuri wakashindwa, kwa kuwa wote wapo wanamsikiliza na watamsahihisha. Simulizi ya boma hulindwa na kijiji chake.

OG haina kijiji cha namna hiyo. Wachezaji wake watano wa Vancouver walitoka nchi nne, na mashabiki wake wametawanyika duniani kote. Wachezaji wamekwenda na kurudi, wengine wamestaafu, na jina limebaki. Katika mwambao wa Nyasa ilikuwa kinyume: vijana walikwenda migodini Afrika Kusini au katika mashamba ya mbali, na walioporudi walikuta watu wale wale, hata kama jina la boma limebadilika. Kwa hiyo filamu ilipokuwa na nafasi ya kuuliza timu ni nini, walioondoka au waliobaki au wanaonunua kijitabu, iligeukia jeraha la mtu mmoja. Fly anatazamwa kutoka mlangoni kwa waliobaki. Usaliti ni maudhui mazito, lakini katika biashara ambayo mkataba hukatwa kwa miezi, neno hilo lilihitaji kupimwa, si kupigiwa muziki tu.

Haki inataka boma nalo lisipambwe kupita kiasi. Vyeo vyake viliigwa kwa watawala, ugomvi haukukosekana, na kijana mwenye kipaji hakuweza kutoka na kipaji chake nje ya ziwa. OG, kwa upande wake, ilifanya jambo la maana: waanzilishi wake ni wachezaji, na wachezaji walikuwa na sehemu ya umiliki, katika uwanja ambao timu nyingi ni mali ya wafanyabiashara. Hilo lilistahili nafasi kubwa zaidi katika filamu kuliko machozi.

Suala hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2018, mwaka ule ule wa Vancouver, Sylvia Gathoni wa Kenya, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria na anayejulikana katika mchezo wa Tekken kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni iitwayo XiT Woundz. Anatajwa kuwa Mkenya wa kwanza kufikia hapo. Ni fahari, na ni swali: kipaji kilikuwa nyumbani, sare ikatoka ng'ambo. Kijana wa Kihagara mwenye kompyuta na mtandao akitaka kucheza Dota 2 leo, amri za kidole chake hazina budi kusafiri hadi seva za mbali, kama zile za Afrika Kusini au Dubai, kisha zirudi. Sehemu ya kumi ya sekunde inayopotea njiani yatosha kumfanya ashindwe na mtu asiyemzidi. Hakuna filamu ya mfadhili itakayomsimulia kijana huyo, kwa sababu hana cha kuuza.

Ndiyo maana filamu hii inafaa kutazamwa, na inafaa kujibiwa. Siku itakapoundwa timu yenye jina la mwambao wa Afrika Mashariki, mtu atatakiwa kuandika habari zake kwa Kiswahili. Atakuta lugha ina istilahi zote anazozihitaji: sahibu na hasimu, safu na sare, mwenyeji na mgeni. Kazi yake ngumu itakuwa kumtaja kila aliyetia mkono katika kapu, hata pale ambapo mwenye kulipia simulizi angependa wasitajwe.