Lugha Inapodai Jibu

Wengi hudhani kwamba ugumu wa kufasiri umo katika msamiati, na kwamba mwenye kamusi nzuri na subira amekwisha maliza nusu ya kazi. Kufasiri kati ya Kifaransa na Kitibeti kunaonyesha vingine. Kamusi ipo siku nyingi: wamisionari Wakatoliki wa Ufaransa walichapisha yao ya Kitibeti, Kilatini na Kifaransa huko Hong Kong mwaka 1899. Hata kabla ya hapo, mwaka 1848, Philippe-Édouard Foucaux alikuwa ametoa Paris tafsiri yake ya maisha ya Buddha kutoka Kitibeti. Ugumu uko pengine. Kila lugha humlazimisha mtu kutaja mambo fulani apende asipende, na kila lugha humruhusu kunyamazia mengine. Kifaransa na Kitibeti hutofautiana sana katika mambo zinayoyalazimisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mfasiri ni kutoa uamuzi pale ambapo lugha moja imenyamaza na nyingine inadai jibu, kisha kuubeba uamuzi huo kama wake. Kwa sababu hiyo nauhesabu ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi za juu kabisa za uandishi.

Tuanze na anayetoka Kitibeti kwenda Kifaransa. Kitenzi cha Kitibeti hukaa mwisho wa sentensi, wala hakibadiliki kufuata nafsi au idadi. Mtenda akishajulikana hatajwi tena. Nomino haina jinsia ya kisarufi, na alama ya wingi huwekwa inapohitajika tu. Kitenzi chetu cha Kiswahili huficha kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, lakini hakina budi kuonyesha kama ni mmoja au ni wengi: alikuja, walikuja. Kitibeti hakidai hata hilo, ilhali Kifaransa kinadai yote: il au elle, ils au elles, na karibu kila nomino itanguliwe na le, la, un au une. Chukua kitabu cha maisha ya Milarepa, kilichotungwa na Tsangnyön Heruka mwaka 1488 na kufasiriwa kwa Kifaransa na Jacques Bacot mwaka 1925. Mwalimu Marpa na mwanafunzi wake Milarepa wanajibizana, na msimulizi hana haja ya kuwataja majina kila mara, kwa sababu kitenzi chenyewe kinasema ni nani: sung ni kusema kwa mtu wa kuheshimiwa, zhu ni kusema kwa mdogo anayenena na mkubwa wake. Kifaransa kina dit-il kwa wote wawili. Mfasiri akiandika hivyo tu, msomaji hajui nani kasema. Akiandika majina, amefafanua mzungumzaji lakini ameuondoa unyenyekevu uliokuwa ndani ya kitenzi. Itambidi aurudishe kwa njia nyingine, labda kwa mpangilio wa maneno ya mwanafunzi, labda kwa jinsi anavyomwita mwalimu wake.

Anayetoka Kifaransa kwenda Kitibeti hukutana na madai ya aina nyingine. Mfaransa akisema Tashi est à Lhassa amemaliza. Katika Kitibeti cha mazungumzo cha Lhasa hajamaliza, kwa sababu kitenzi kinataka kujua habari hiyo imepatikanaje. Ukimaliza kwa duk, umesema kwamba umemwona huko kwa macho yako. Ukimaliza kwa yöre, umesema kwamba ni jambo linalojulikana, bila kujifanya shahidi. Sasa mweke mfasiri mbele ya Madame Bovary ya Gustave Flaubert, ya mwaka 1857. Riwaya inafunguliwa na msimulizi anayesema kwa nafsi ya wingi, mmoja wa wanafunzi waliokuwamo darasani Charles alipoingia. Baada ya kurasa chache shahidi huyo ametoweka, na sauti inayosimulia inajua hata ndoto za usiku za Emma, mkewe Charles. Kifaransa huupitisha mgeuko huo kimyakimya. Mtibeti anayeifasiri kwa lugha iliyo karibu na mazungumzo hawezi kuupitisha hivyo: hana budi kuamua ushahidi wa macho unakoma wapi na ujuzi usio na shahidi unaanzia wapi. Katika kuamua, ameisoma riwaya kwa makini kuliko Wafaransa wengi walioipenda.

Kuna pingamizi la haki hapa. Ikiwa mfasiri anaingiza jinsia, idadi au ushahidi ambao mwandishi hakuutaja, je, hiyo si kumsingizia? Ingekuwa hivyo kama njia ya kunyamaza ingekuwapo. Lakini sarufi ya lugha pokezi haimwachii njia hiyo. Hata anayeamua bila kufikiri ameamua. Tena uamuzi wake haukosi mipaka. Aliyedhani kwamba msemaji ni Marpa ataumbuliwa na kitenzi cha unyenyekevu mistari mitatu mbele. Wafasiri wawili wanaweza kutofautiana, lakini matini yenyewe huyakataa majibu mengi, na kazi ya fundi ni kujua yapi yamekataliwa.

Pingamizi la pili linatoka katika historia ya Watibeti wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 9, walipokuwa wakifasiri vitabu vya Kibudha kutoka Kisanskriti, watawala wao waliagiza istilahi ziwe za namna moja, na orodha iitwayo Mahavyutpatti ikakusanya maingizo zaidi ya 9,000. Kwa nini basi Wafaransa nao wasijiwekee orodha yao na kuifuata? Orodha husaidia, na mwenye akili haidharau. Ila miongozo ya wakati huohuo iliwaruhusu wafasiri kubadilisha mpangilio wa maneno pale maana ilipodai, kwani waliojua kazi walijua kwamba istilahi hazimalizi sentensi. Wala hawakuwaachia vijana kazi hiyo na orodha mkononi. Mwanazuoni wa Kihindi aliketi na mfasiri wa Kitibeti, aliyeitwa lotsawa kwa heshima, na majina ya wote wawili yaliandikwa mwishoni mwa kitabu. Leo Kamati ya Padmakara, huko Dordogne nchini Ufaransa, hufasiri kwa pamoja na kuwauliza walimu wa Kitibeti panapotatiza. Desturi ni ileile: uamuzi mgumu hutolewa na watu wanaojulikana, wanaoweza kuulizwa.

Watibeti walilielewa jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na vitabu vyao vinalishuhudia katika ukurasa wa mwisho. Sisi wasomaji wa Kiswahili, ambao sehemu kubwa ya fasihi ya dunia hutufikia kwa mikono ya wafasiri, hatuna sababu ya kuwa na shukrani ndogo kuliko wao. Ukishika kitabu kilichofasiriwa, tafuta jina la mfasiri kabla ya kufungua sura ya kwanza. Na wachapishaji waliandike mahali ambapo halitahitaji kutafutwa.