Swali Kabla ya Spana

Kati ya mwaka 1953 na 1966 kampuni ya Mack ya Marekani ilitengeneza malori ya aina ya B zaidi ya 127,000. Yote yana sura moja: boneti ya mviringo, madigadi yaliyonona, na mbwa mdogo wa chuma aliyesimama mbele juu ya rejeta. Mpita njia akiyaona mawili yameegeshwa pamoja atasema ni pacha. Kumbe moja lilitoka kiwandani kuwa kichwa cha kuvuta tela kwenye barabara kuu, na la pili kubeba mawe machimboni. Moja lilifungwa injini ya petroli, jingine ya dizeli. Na katika miaka mingi ya kuuzwa na kuuzwa tena, huenda yamepokezana injini, ekseli, hata kebini. Wapo watu ambao jioni zao na akiba zao huishia kwenye malori kama haya, wakiyafufua kwa mapenzi tu. Tukiwasifu, mara nyingi tunawasifu kwa rangi inayong'aa na injini inayonguruma. Sifa wanayostahili zaidi iko kwenye kazi inayotangulia rangi na spana, nayo ni kulitambua lori. Utambuzi ndio unaoupa ukarabati thamani. Ukikosekana, hata mkono hodari kupita yote hutoa uongo uliopakwa rangi nzuri.

Gari dogo la zamani aghalabu huzeeka likiwa lile lile: hununuliwa na familia, huegeshwa, husahauliwa. Lori halipati bahati hiyo. Ni chombo cha biashara, na mwenye biashara hana sababu ya kuheshimu uamuzi wa kiwanda mzigo unapobadilika. Akipata zabuni ya mchanga, chesisi hukatwa ili ipokee bodi ya kumwaga. Akirudi kwenye safari ndefu, chesisi huungwa tena na ekseli kuongezwa. Injini ikifa, hufungwa ile iliyopatikana wiki hiyo. Kwa hiyo lori linalomfikia mkarabati baada ya nusu karne limebeba maamuzi ya watu wengi, kila mmoja na sababu yake, na wengi wao hawakuandika chochote. Hapo ndipo linapozuka swali gumu: ukilirudisha, unalirudisha kwenye siku ipi? Siku lilipotoka kiwandani? Mwaka lilipokuwa likifanya kazi kwa jasho chini ya jina la kampuni fulani? Au liachwe kama lilivyokutwa, na kutu yake? Majibu yote matatu yana haki. Kisicho na haki ni kuchagua bila kujua, maana anayechagua hivyo huishia kuunda lori la nne, ambalo halijapata kuwapo.

Utambuzi huanza na namba. Kwenye Mack za aina ya B, jina la modeli lenyewe linazungumza. B-61 lilikuwa la dizeli. Likifuatwa na T, lilikusudiwa kuvuta tela. S huonyesha ekseli mbili za nyuma. X ni la kazi ngumu za ujenzi na machimbo. Injini ya mwanzo ya B-61, END673, hutaja ukubwa wake kwa inchi za ujazo, kama lita 11, nayo ilitoa nguvu za farasi 170. Makumbusho ya Mack yenye asili yake Allentown, Pennsylvania, yanahifadhi kumbukumbu za kiwanda, na mwenye namba ya chesisi anaweza kujua lori lake liliagizwa likiwa na vifaa gani. Karatasi hiyo hukata ubishi mwingi, lakini inaeleza kuzaliwa kwa lori tu. Maisha yake haiyajui. Tena namba nayo huweza kupotosha: kibati kilichofungwa kwenye kebini husafiri pamoja na kebini, na kebini ni spea kama spea nyingine. Ndiyo maana mtambuzi makini huitafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, akailinganisha na kibati, kisha akaiuliza injini namba yake. Zikikubaliana, amepata ushahidi. Zikipingana, kazi yake ndiyo kwanza imeanza.

Hata yule mbwa wa boneti anafundisha tahadhari. Alibuniwa mwaka 1932 na Alfred Fellows Masury, mhandisi mkuu wa Mack, aliyekufa mwaka uliofuata katika ajali ya Akron, chombo cha angani cha jeshi la majini la Marekani. Kwa desturi ya kampuni hiyo, mbwa wa dhahabu humaanisha kwamba injini, gia boksi na difu vyote ni vya Mack, na mbwa wa rangi ya fedha kwamba kimojawapo kimetoka kwa mtengenezaji mwingine. Kanuni nzuri, ila mbwa hufungwa kwa nati, na anaweza kununuliwa wa rangi yoyote. Anayeanza humwangalia mbwa; aliyekomaa hupanda kebini akatazama leva za gia. Akikuta mbili, huenda amekutana na gia boksi ya Duplex, Triplex au Quadruplex, ambamo gia kuu tano huzidishwa na saidizi mbili, tatu au nne. Dereva wa zama zile alilazimika kuziendesha leva zote mbili karibu kwa wakati mmoja, na mara nyingine alipitisha mkono katikati ya usukani ili asiuache. Pambo linaweza kusema chochote. Leva mbili na mashine iliyo chini yake hazibandikwi kirahisi hivyo.

Baada ya namba hufuata chuma chenyewe na rangi yake. Matundu ya bolti yasiyo na bolti huonyesha mahali palipokaa winchi au jeki ya kunyanyua bodi. Mshono wa kuchomelea kwenye chesisi hueleza kwamba urefu wa sasa si wa awali, na bolti mpya katikati ya safu ya ribiti huonyesha mkono uliokuja baadaye. Rangi ndiyo inayohitaji subira kuliko vyote. Mkarabati stadi hupiga msasa wa maji sehemu ndogo ya mlango, akishuka tabaka moja baada ya jingine, mpaka jina la mwenye lori wa zamani liibuke chini ya rangi ya aliyemfuata. Jina hilo likipatikana, lori linapata mji, mzigo na miaka. Fundi mwenye haraka hupuliza mchanga kwenye mlango mzima kwa dakika chache, akapata chuma safi kisicho na habari yoyote. Wote wawili wana vifaa na nguvu. Tofauti yao ni kwamba mmoja amejua kuwa katika kazi hii kuna makosa yasiyorekebishika, na mengi yake hufanyika siku ya kwanza, kabla hata injini haijashushwa.

Mtu anaweza kuuliza: habari hizi za matundu na mishono zina faida gani kwa asiyependa malori? Zina faida kwa sababu lori limechorwa na sheria na barabara za zama zake kama lilivyochorwa na wahandisi. Uingereza, hadi mwaka 1957, lori lililozidi tani tatu bila mzigo halikuruhusiwa kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi maili 30. Foden au ERF ya miaka hiyo, zote za mji wa Sandbach, ikiwa na injini ya Gardner yenye nguvu za farasi zisizozidi sana mia moja, ilikuwa na difu la mwendo wa pole kwa sababu kasi haikuwa na soko. Leo mtu huuona upole ule kama dosari na kufunga difu la kasi ili asichoshe watu barabarani. Kwa kufanya hivyo amekifuta kifungu cha sheria kilichokuwa kimeandikwa kwenye meno ya gia. Marekani nako majimbo mengi yalipima urefu wa lori zima pamoja na tela lake, hivyo kila futi ya boneti ilipunguza futi ya mzigo. Kebini zilizokaa juu ya injini zikaenea, mpaka sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 ilipohamishia kipimo kwenye tela, na boneti ndefu zikarudi kwa kishindo. Italia, nchi inayoendesha kulia, iliendelea kwa muda mrefu kuweka usukani wa malori mazito upande wa kulia, ili dereva aone ukingo wa barabara za milimani. Anayekuta usukani wa kulia kwenye lori la Kiitaliano na kudhani liliundwa kwa ajili ya Uingereza au makoloni yake amekosea nchi kwa kutojua milima.

Pingamizi zito zaidi linahusu uhalisi. Lori lililobadilishwa injini, kebini, magurudumu na nusu ya chesisi, je, bado ni lile lile, au tunajidanganya kwa sababu ya namba moja iliyosalia? Anayedai kwamba kila kipande lazima kiwe cha kiwandani anadai kitu ambacho lori halikuwahi kuwa nacho hata lilipokuwa kazini, kwani ringi, klachi, springi na vioo viliumbwa kubadilishwa. Tena si rahisi kila mara kujua kipi ni cha nani: Gardner ile ile iliuzwa kwa watengenezaji kadhaa wa malori, kwa hiyo mlio wa injini peke yake hauthibitishi jina lililo mbele ya rejeta. Linalowezekana, na linalotosha, ni kueleza ukweli wote. Kipande kilichochongwa upya kitajwe kuwa kimechongwa. Injini iliyotoka kwenye lori jingine itajwe ilikotoka. Picha zipigwe kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Lori lenye vipande vingi vigeni lakini lenye daftari kamili ni ushahidi bora kuliko lori karibu kamili ambalo mwenyewe anaficha alichobadilisha. Uhalisi katika kazi hii hauko kwenye chuma peke yake. Uko kwenye uaminifu wa anayekisimulia.

Wengine hulalamika kwamba huu ni mchezo wa wenye nafasi, unaotoa moshi na kuipamba kazi iliyowaumiza watu. Kuhusu moshi, malori haya hutoka mara chache. Yale yanayoshiriki msafara wa magari ya zamani ya kibiashara wa London hadi Brighton, ulioanza mwaka 1962, hulala kwenye mabanda sehemu kubwa ya mwaka. Madhara yake hayafiki popote karibu na ya malori yaliyo kazini kila siku. Gharama ni kweli, wala hakuna haja ya kuikana: lori zito linahitaji uwanja, jeki kubwa na matairi ya bei. Lakini lalamiko la kuipamba kazi ndilo linalostahili jibu, nalo linawahusu wakarabati wenyewe. Madereva wa malori hayo walikaa kwenye kebini zenye kelele na baridi, wakakaza mabega kugeuza usukani usiosaidiwa na mashine. Anayefunga usukani laini na kiti cha kisasa, kisha akaliita lori lake la asili, ameuondoa ugumu ambao ndio uliokuwa sehemu kubwa ya historia ile. Ukarabati wa kweli huuacha ugumu ulipo, na anayepanda kwa dakika kumi hushuka akiwa na heshima mpya kwa aliyekuwa akishinda humo kutwa nzima.

Kwetu Afrika Mashariki pingamizi huja kwa sauti nyingine: hapa lori kuukuu ni riziki, na anayelifufua kwa ajili ya kulitazama ameshiba. Ni kweli kwamba mafundi wetu, wa Gerezani jijini Dar es Salaam na kwingineko, wameyafufua malori maisha yao yote bila kuuita ufundi wao burudani. Lakini tazama tunachopoteza. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru, Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za Rhodesia, ililazimika kutafuta njia mpya ya mafuta na shaba yake kupitia Dar es Salaam. Kabla bomba la mafuta la TAZAMA halijaanza kazi mwaka 1968, na kabla njia ya reli ya TAZARA haijakamilika mwaka 1975, mzigo mkubwa ulipita juu ya matairi, kwenye vumbi na matope ya Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na miongoni mwa malori yaliyoibeba kazi hiyo yalikuwamo Fiat 682. Historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tunaifundisha kwa hotuba na mikutano. Sehemu yake nyingine ilikuwa ya madereva, mautingo na mafundi. Lori la zama hizo likipatikana leo likiwa na majani ya springi yaliyoongezwa na bampa lililochomelewa kienyeji, kulirudisha kama lilivyotoka Torino kungekuwa kosa. Viraka vile ndivyo vilivyoandikwa na barabara yetu. Mkono wa kuvihifadhi tunao tayari. Kilichobaki ni daftari, picha, na mazoea ya kuuliza kabla ya kukata.

Basi thamani ya ufundi huu haipimwi kwa mng'aro, wala kwa bei, wala kwa idadi ya vipande vya asili. Hupimwa kwa wingi wa maswali ambayo fundi aliyauliza na kwa unyoofu wa majibu aliyoyaandika. Kipimo hicho kinawafaa matajiri wenye mabanda makubwa na kinamfaa pia fundi mwenye lori moja uani, kwa sababu kuuliza hakugharimu zaidi ya muda. Ukikutana na lori kuukuu linalometameta, usianze kwa kuisifu rangi. Muulize mwenyewe: kipi humu si cha lori hili? Akikujibu kwa orodha, mpe mkono, umekutana na fundi. Akikujibu kwa majivuno, sifu rangi, uende zako.