Mgongo Kabla ya Duara: Uhakiki wa Msamiati wa Maktaba za Michoro katika Kompyuta Ndogo

Casey Reas na Ben Fry walipoanzisha Processing mwaka 2001 katika chuo cha MIT, walikusudia kumfundisha msanii kuandika programu kwa njia ya kuchora. Kusudi hilo hatulibezi. Tunachokihoji ni msamiati wake: mwanafunzi huanza na duaradufu, mstatili na pembetatu, tena kwa majina ya Kiingereza.

Mjini Rusizi swali hili lina uzito. Kijana wa Kamembe huzungumza Kinyarwanda nyumbani, husoma kwa Kiingereza, na akivuka daraja kwenda Bukavu hukuta biashara ikiendeshwa kwa Kiswahili. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, lakini amri anazochapa hazina hata neno moja la Kiswahili.

Watatutajia Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Hata hivyo ilitafsiri menyu, na mtumiaji akabaki mtumiaji. Katika maktaba ya michoro neno lenyewe ndilo chombo cha kazi, na tafsiri peke yake haitoshi. Tuangalie imigongo, sanaa ya Nyakarambi (upande wa pili wa nchi, tunakiri) inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu. Jina lake ni ndugu wa neno letu “migongo”. Msingi wake ni tuta linaloinuka, likapinda, likarudiwa. Kuuita mstatili kwa Kiswahili hakumsaidii anayetaka kuchora tuta. Maktaba tunayoitetea ingekuwa na amri “mgongo”, yenye kupokea pembe, nafasi na idadi ya marudio.

Je, kompyuta ya bodi moja itaimudu? Raspberry Pi ya dola 35 ya mwaka 2012 ilikuwa na kumbukumbu ya MB 256. Picha ya pikseli 640 kwa 480, baiti nne kwa kila pikseli, ni baiti 1,228,800; fremu 30 kwa sekunde ni takriban MB 37. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, mzigo huo unakaribia MB 249. Ufinyu huu unamlazimisha mjenzi kuchagua maumbo machache, na mgongo ni chaguo rahisi: huchorwa mara moja, kisha hunakiliwa.

Linabaki suala gumu zaidi: Kiswahili kipi? Cha Bukavu kimechanganyika na Kifaransa, na cha vitabuni kinatoka mbali. Tunapendekeza maktaba iandikwe na kujaribiwa pande zote mbili za daraja kwanza, ndipo istilahi zilizozoeleka zipelekwe Zanzibar, kwenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.