Ufundi wa Kukosa Jibu

Mwaka 2013 Channel 4 ya Uingereza ilirusha kipindi kiitwacho Was It Something I Said?, kikamaliza msimu mmoja na hakikurudi tena. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza: msimulizi mgeni anasoma maneno yaliyowahi kusemwa na mtu maarufu, kisha wachekeshaji na wageni wengine wenye majina wanapekua kumbukumbu zao watambue nani aliyasema, au wayamalizie pale yalipokatwa. Vipindi vya aina hii hufa kwa wingi na husahaulika upesi. Hiki kinafaa kutazamwa taratibu, maana waliokitengeneza walikuwa mafundi.

Fundi wa kwanza haonekani: ni mwandishi wa maswali. Kwenye chemshabongo ya kawaida, swali zuri lina jibu moja lisilo na ubishi. Kwenye chemshabongo ya vichekesho, swali la hivyo ni hasara: mgeni analijua, anajibu, anapewa pointi, na hakuna aliyecheka. Linalotakiwa ni swali ambalo kila mtu anadhani analijua. Chukua yale maneno ya kwamba wasio na mkate na wale keki, ambayo dunia nzima imembandika Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa. Mwandishi Rousseau alikiandika kisa hicho, akimtaja binti wa kifalme bila jina, wakati Marie Antoinette bado ni mtoto huko Austria. Muulize mtu swali hilo mbele ya kamera: atajibu kwa kujiamini, atakosea, kisha atabisha. Kichekesho kimo ndani ya ule ubishi.

Waingereza walikuwa wameshauzoea mchezo huu. Nigel Rees aliendesha Quote... Unquote kwenye redio ya BBC tangu 1976 hadi 2021, kwa upole wa watu wa maktaba. Chemshabongo ya televisheni ya QI, iliyoanza 2003, ikageuza kibao: anayetoa jibu lililozoeleka lakini la makosa hupigiwa king'ora na kunyang'anywa pointi. Hapo ndipo kukosea kulipopandishwa cheo, kukawa sehemu ya burudani yenyewe.

Ufundi wa pili ni wa kupanga viti. Mwendeshaji alikuwa mchekeshaji David Mitchell, mtu anayeudhiwa na mantiki mbovu. Mpe sentensi ya kipuuzi, ataichambua neno kwa neno, sauti ikipanda, mpaka msemaji wake abaki hana pa kujificha. Nahodha wa timu moja alikuwa Richard Ayoade, mwigizaji wa vichekesho vya televisheni vya The IT Crowd na mwongozaji wa filamu ya Submarine, anayejibu kwa adabu iliyozidi kipimo, kama mtu aliyeingia ukumbi usio wake na anaona haya kuuliza mlango uko wapi. Nahodha wa timu ya pili, Micky Flanagan, ni mtoto wa London Mashariki aliyewahi kufanya kazi katika soko la samaki la Billingsgate. Yeye halijibu swali, analipeleka mtaani kwao. Mmoja anakumbuka kwa hoja, mmoja kwa kuzunguka, mmoja kwa maisha aliyoyaishi. Wangekaa watatu wa aina moja, kipindi kingedoda.

Ufundi wa tatu ni wa mhariri. Vipindi vya namna hii hurekodiwa mbele ya watazamaji kwa muda mrefu kuliko ule unaorushwa, kwa hiyo sehemu kubwa lazima itupwe. Mtihani wake ni kile kitambo mgeni anapokwama: macho yanapanda juu, mdomo unaanza jina la mtu kisha unaliacha njiani. Mhariri mchanga hukikata akidhani ni muda uliopotea. Aliyekomaa hukiacha, kwa kuwa mtazamaji nyumbani naye anahangaika na jina lile lile, na pale tu wanapokwama pamoja ndipo nyota na mtu wa kawaida wanapolingana.

Msimu mmoja si aibu. Kuna vipindi vilivyokaa hewani miaka mingi bila kuuliza swali moja lililopimwa kwa uangalifu huu. Ukikipata, kitazame mara mbili: ya kwanza ucheke, ya pili uwasahau wachekeshaji na usikilize jinsi maswali yalivyoundwa.