Mpiga Muheme kwa Penseli na Wino

Kuchora mhusika kwa kutazama picha huanza kwa kuikagua picha yenyewe, penseli ikiwa bado mezani. Kwa mchoraji wa Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, picha nzuri ya kuanzia ni ya mwanamke wa Kigogo anayepiga muheme: ngoma yenye kiuno chembamba imebanwa katikati ya mapaja, mikono yote miwili iko juu ya ngozi. Kamera imenasa kila kitu kwa uzito uleule, kuanzia kitenge na vumbi hadi ndoo ya plastiki iliyosahauliwa uani. Ndoo haina kazi kwenye mchoro. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipozinakili picha za miambani za Kondoa mwaka 1951, wajibu wake ulikuwa kutoacha kitu. Anayeunda mhusika ana ruhusa ya kuacha, na nusu ya ufundi wake imo humo.

Penseli ya HB hutangulia, kwa mkono mwepesi. Mstari wa kwanza ni wa uti wa mgongo, kwa sababu ndio unaoonyesha uzito umeelemea wapi: mpigaji ameinama kuanzia nyongani, magoti yamekunjika. Mtu mzima aliyesimama wima hukadiriwa kuwa na urefu wa vichwa saba na nusu, lakini aliyekunja magoti hupungua, na waliokariri hesabu hukosea hapo. Ni afadhali kupima uwazi: pembetatu iliyopo kati ya kiwiko na ubavu ikitoka sawa, mkono nao umekaa mahali pake.

Viganja vina taabu kuliko uso. Muheme hupigwa kwa kasi, hivyo mara nyingi picha huwa na ukungu palipo na vidole. Ukungu huo ukinakiliwa, mkono hauna nguvu tena. Lazima mchoraji aujue mpigo wenyewe: kiganja kimoja kimetua, kingine kiko hewani, vidole vimeachana. Hilo hujifunzwa uwanjani, ngoma ikilia.

Jua la kiangazi la uwanda wa kati humsaidia mtu wa wino. Kivuli chake hukatika ghafla chini ya nyusi, kidevu na shanga, na wino haujui kijivu. Kijivu hutengenezwa kwa mistari iliyosogeleana au kupishana, ikifuata umbo: ya mviringo kwenye ngoma, ya kushuka kwenye mikunjo ya kitenge. Mstari wa nje hunenepeshwa upande wa kivuli. Upande wa jua unaweza kuachwa ukatike, jicho litaumalizia. Raba hupita wino ukishakauka, vinginevyo kazi yote huchafuka.

Kama mhusika huyo atarudi kwenye katuni toleo baada ya toleo, alivyorudi Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, picha hufunikwa na mchoro ukarudiwa kwa kumbukumbu. Kitenge kinaweza kubadilika. Kiuno cha ngoma, magoti na kile kiganja cha hewani havibadiliki.